Sauti ya Chini

Daktari hakunificha. Alisema uvimbe wa shingoni ulikuwa umejibana karibu na mshipa unaoendesha sauti, angejitahidi kuukwepa, lakini asingeniahidi kitu. Nikamwambia akate. Rovu lile lilikuwa limefika mahali nikilala chali linanikaba, na mtu asiyepumua haimbi hata awe na sauti ya namna gani.

Nilikuwa nimeimba kwenye bendi moja ya dansi hapa Morogoro tangu usichana wangu. Haikuwa bendi ya kujulikana nchi nzima. Ilikuwa bendi ya harusi, ya sikukuu, ya wakulima wa Dakawa wakishauza mpunga wao na kutaka kucheza. Lakini katika mkoa huu ukimtajia mtu wa rika langu wimbo wa mwanamke anayekataa kuhama shamba la mama yake, atakuimbia karibu wote, na akifika mwisho atashindwa, kwa sababu pale mwishoni sauti inapanda na kukaa juu kwa muda ambao wengi hawana pumzi yake. Wimbo ule niliutunga mimi. Pale juu palikuwa pangu.

Nilipozinduka wodini nikaomba maji, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwingine, nzito, kama ina mchanga ndani. Nikadhani ni dawa za usingizi. Kidonda kikafunga, nguvu zikarudi, nikaanza hata kugombana na mama yangu kama kawaida, lakini sauti haikupanda tena. Nilikuwa nafika mahali fulani halafu inakatika, inabaki hewa tupu.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mwanamke wa milimani, amenizidi umri kidogo, naye amekatwa rovu kama mimi. Yeye alitoka na sauti yake nzima, na nilimwonea kijicho. Alikuwa mkulima wa kabichi na karoti katika kijiji kimoja cha misheni huko juu Uluguru, na pia kiongozi wa kwaya ya kanisa. Alilala na kompyuta mpakato juu ya tumbo na hedifoni masikioni, akihariri nyimbo za kwaya yake. Muuguzi alipomwambia apumzike, aliificha chini ya shuka mpaka muuguzi apite.

"Unasikiliza nini?" nilimuuliza siku moja.

Akanivalisha hedifoni zake. Nikasikia watu wengi wanaimba, kisha akabonyeza kitu, wakabaki wanaume wa sauti ya nne peke yao, wakinguruma. Akabonyeza tena, wakabaki wanawake wa sauti ya pili. Nilikuwa nimeshaingia studio mara kadhaa maishani, lakini pale mwimbaji anaimba na kutoka. Mwenye mitambo ni mwingine, na hakuna aliyewahi kunionyesha kinachofanyika ukishafunga mlango.

"Ukipona panda kwangu," alisema. "Hii si kazi ya ajabu. Ni kama kupalilia. Unaangalia mstari mmoja mmoja."

Akili yangu ilikuwa kwenye bendi.

Nilirudi mazoezini shingo ikiwa bado imefungwa kitambaa. Kiongozi wa bendi alinikumbatia. Ni mtu niliyemheshimu. Alinipokea nikiwa sijui hata kushika maiki, na alinifundisha kusimama mbele ya watu bila kuangalia miguu yangu. Alinikalisha kwenye kiti, akaagiza soda.

"Dada, pole sana. Tulikuwa tunakuombea."

"Nashukuru, kaka. Sasa nina ombi. Tushushe nyimbo. Juu siwezi tena, lakini chini sauti ipo. Tukizileta chini nitaimba zote."

Akatazamana na mpiga gitaa la solo. "Kushusha si mchezo. Tarumbeta itakoroma. Magitaa yatapoteza ule utamu. Na watu wamezizoea pale zilipo."

"Tujaribu wimbo mmoja tu."

Hakujaribu. Badala yake alifungua kompyuta ya bendi, akaniwekea wimbo wangu wa shamba. Kumbe tulipoingia studio zamani alichukua kila kitu kikiwa kimetengwa: ngoma peke yake, besi peke yake, sauti yangu peke yake. Akazima vyombo vyote, nikajisikia mimi mwenyewe wa miaka ile, bila chombo hata kimoja, napanda mpaka kule juu na kukaa.

"Sauti yako tunayo hapa, safi kabisa," alisema. "Wewe utasimama mbele, utavaa, utacheza, utafungua mdomo. Maiki tutaizima kwenye miksa. Wasanii wangapi wanafanya hivyo siku hizi? Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Dada, watu wanataka ule wimbo. Hawataki maelezo ya hospitali."

"Basi wasikie ninavyoimba sasa. Wasipotaka wataniambia wenyewe."

Alizungusha kizibo cha soda mezani. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Pumzika kwanza, dada. Afya kwanza." Katika kazi yetu neno hilo lina maana moja tu. Niliinuka, nikawaaga wote mmoja mmoja kwa mkono, nikachukua nguo zangu za jukwaani zilizokuwa zimetundikwa nyuma ya mlango. Mpiga tumba ndiye pekee aliyenisindikiza mpaka barabarani.

Nikapanda mlimani. Bodaboda ilinifikisha mahali njia ilipokuwa imeliwa na mvua, nikamalizia kwa miguu katikati ya matuta ya maharage, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa za nyumba. Mama wa kwaya alikuwa anaosha karoti kwenye mfereji. Alinitazama shingoni kwanza, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Wewe wamekushona vizuri kuliko mimi," alisema. "Shida ni nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na ile habari ya kufungua mdomo huku maiki imezimwa. Hakunipa pole. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaniambia nimfuate.

Chumba chake cha kurekodia kilikuwa stoo ya viazi. Alikuwa ameegemeza magodoro ya zamani kwenye kuta, na dirishani ametundika blanketi. Maiki ilining'inia kutoka kwenye kenchi ya paa, mbele yake kipande cha soksi ya kike kilichovutwa kwenye duara la waya, ili pumzi za waimbaji zisigonge. Umeme ulikuwa wa sola. Kwa sababu kwaya nzima haikuenea humo, alikuwa anawaita sauti moja moja, kila kundi na siku yake, wakitoka shamba na majembe yao wanayaacha mlangoni. Kisha anawaunganisha mwenyewe kwenye kompyuta, na Jumapili mpiga kinanda akisafiri, kwaya inaimba juu ya kinanda kilichorekodiwa.

"Paroko anasemaje?" nilimuuliza.

"Mwanzoni alisema muziki wa mashine si ibada. Nikamwambia basi atupatie mpiga kinanda asiyesafiri."

Alinipigia wimbo wangu kwenye kinanda chake kidogo, akaurekodi, akaniambia niimbe. Niliimba pale pale nilipouzoea. Kule mwishoni sauti ilikatika kama nilivyotegemea. Nikamwomba afute.

"Sifuti. Nani amekwambia wimbo unakaa hapo?"

"Ndipo ulipo."

"Nani aliuweka?"

"Mimi."

"Basi uhamishe."

Akabonyeza, kinanda kikashuka kidogo. Nikaimba, bado nabanwa. Akashusha tena. Nikaimba. Akashusha tena, na tena, mpaka tukafika mahali ambapo kwenye kwaya yake wanasimama wanaume. Hapo sauti yangu ikakaa. Nilihisi kifua kizima kinafanya kazi, mbavu zote. Tulipofika mwisho wa wimbo, pale pa kupanda, sikupanda. Nilishuka. Neno la mwisho la yule mwanamke, lile la kusema hahami, nilikuwa nalipiga kelele miaka yote. Siku ile nililisema chini kabisa, taratibu, kama mtu aliyekwishakaa na hana haja ya kubishana. Mama wa kwaya alivua hedifoni.

"Huyo sasa hahami kweli," alisema.

Nilikaa kwake mpaka nikajifunza kurekodi, kukata kikohozi bila kukata neno, kuweka kila chombo kwenye mstari wake, kutoa kilichozidi. Mchana tulilima, jioni tulifundishana. Mimi nilimfundishia waimbaji wake kupumua. Walikuwa wanapumua kwa mabega.

Nyumbani Morogoro nilitafuta kompyuta mpakato iliyotumika, nikageuza chumba changu cha kulala kuwa studio. Nilitundika vitenge na mazulia, nikaziba nyufa. Mji hauna ukimya wa milimani. Nilikuwa narekodi kati ya adhana na adhana, kati ya mvua na mvua, maana mabati yakianza kupigwa hakuna maiki inayosikia kitu kingine. Mama yangu, ambaye nyumba ni yake na hasahau kukumbusha hivyo, alikaa sebuleni akisikiliza vyote.

"Hicho kinachogonga ni nini?" aliuliza siku ya kwanza. "Kama mtu anavunja karanga."

"Kinanihesabia mapigo, mama."

"Miaka yote umeimba hujui kuhesabu?"

Siku nyingine alifungua mlango katikati ya kurekodi. "Unaimba peke yako, halafu unajiitikia mwenyewe. Majirani watasema rovu limehamia kichwani."

"Waseme."

"Mimi sijasema uache. Nimesema funga dirisha, sauti ya pili inapotea njia."

Alikuwa sahihi. Nilirudia sauti ya pili.

Nilizisuka upya nyimbo zangu zote, zile nilizotunga mimi tu. Za bendi sikuzigusa. Besi na ngoma nilizipanga kwenye programu kwa vidole, noti moja baada ya nyingine. Mpiga tumba wa bendi alikuja mwenyewe alasiri moja, akapiga tumba chumbani kwangu kitanda kikiwa kimesimamishwa ukutani, akaondoka bila kutaka jina lake litajwe popote. Kisha nikapanga orodha ya kutumbuizia. Nilifikiri hiyo ndiyo sehemu rahisi, kumbe ndipo kazi ilipo. Bendi inamtazama bibi harusi ikajua irefushe wapi. Kompyuta haimtazami mtu. Na bibi harusi wa Morogoro haingii ukumbini haraka. Ikabidi nijifunze kuacha kipande kinachoweza kujizungusha mpaka nikiruhusu kiendelee, kwa kukanyaga kitufe kwa mguu chini ya gauni. Nilifanya mazoezi sebuleni, mama akiwa ndiye bibi harusi, akitembea kwa makusudi kama kinyonga ili anishinde.

Nikiwa bado sijapata kazi hata moja, ndugu yangu mmoja wa Turiani akanipigia simu.

"Hongera, dada. Nimekusikia jana kwenye harusi. Sauti imerudi kama zamani. Nilitaka nije nikusalimie, watu wakanizuia mlangoni."

Jana yake nilikuwa nyumbani, nimekaa na mama, tunachambua mchele.

Nilimwuliza nilikuwa nimevaa nini. Akasema gauni jekundu, na kwamba nimepungua mno, maradhi si mchezo. Nikampigia mpiga tumba. Akaniambia: kuna msichana. Wamemweka mbele. Wanaweka sauti yangu, yeye anafungua mdomo.

Nilijua wana harusi nyingine jioni ya Jumamosi upande wa Mzinga. Nikaenda bila mwaliko, nimejifunga mtandio kama mama yeyote aliyekuja kumwona bibi harusi, nikasimama karibu na mlango wa nyuma. Walipoufikia wimbo wa shamba watu walipiga vigelegele. Msichana alisogea mbele. Alikuwa mzuri, na alijua kucheza. Akafungua mdomo, nikatoka mimi. Kila pumzi niliyovuta siku ile studio niliikumbuka. Alipofika kule juu alifumba macho na kuinua mkono, kama nilivyokuwa nafanya, na ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Sijawahi kuibiwa kitu kikubwa maishani, lakini nadhani mtu anayekuta jirani amevaa nguo yake iliyopotea kwenye kamba anajisikia hivyo, na pia anajikuta akiangalia kama inamkaa.

Walipopumzika nilimfuata kiongozi nyuma ya ukumbi. Alishtuka, kisha akatabasamu.

"Dada. Karibu. Umepona?"

"Itoe sauti yangu."

"Tusiongee hapa."

"Hapa ndipo mnapoitumia, kaka. Tuongee hapa hapa."

"Ile ni rekodi ya bendi. Bendi ndiyo iliyoingia studio."

"Vyombo ni vya bendi. Sauti ilitoka kwenye shingo hii, na maneno niliyaandika mimi. Uliniambia nipumzike. Mbona hukuniambia kwamba mimi napumzika na sauti yangu inabaki kazini?"

"Nilikupa nafasi usimame mwenyewe, ukakataa."

"Nilikataa kudanganya watu. Sikukubali mtu mwingine awadanganye kwa niaba yangu."

Alisema tutazungumza wiki ijayo, akaitwa, akaenda. Msichana alikuwa amesimama pembeni akisikia kila neno, chupa ya maji mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Unaimba?"

"Naimba. Lakini wananizimia maiki."

"Niimbie."

Alitazama huku na huku, kisha akaimba ubeti mmoja wa wimbo wangu, pale pale kwenye vumbi la nyuma ya ukumbi. Hakuifikia sauti yangu ya zamani na wala hakuifuata. Aliimba kwa njia yake, sauti ya puani kidogo, ya kisasa, yenye mkato mzuri. Ingemfaa mwenye bendi yeyote anayesikia. Nikamwambia aondoke pale.

"Nikiondoka nitakwenda wapi, mama?"

Nilikasirika naye njia nzima kurudi nyumbani, na nilipofika nilikuwa nimekasirika na aliyemzimia maiki.

Wiki ijayo ya kiongozi haikufika. Nilipiga simu, hakupokea. Watu waliniambia niende nikashtaki, na pengine mahakamani wangenisikiliza, lakini nilijiona nikizeeka kwenye mabenchi nikithibitisha kwamba mimi ni mimi. Nikafanya nilichokuwa na uwezo nacho. Nilikaa kwenye kompyuta nikaumaliza wimbo wa shamba kwa sauti yangu ya chini, nikausikiliza mpaka nikauchoka, nikampelekea mama wa kwaya. Akanirudishia na maagizo ya kupunguza mwangwi, maana alisema naimba kama niko ndani ya pipa. Nikapunguza. Kisha nikautuma kwa kila mtu mwenye simu ninayemjua, na mwanzoni mwake, kabla ya ngoma kuanza, niliweka maneno machache ya kuzungumza: kwamba mimi ndiye niliyeutunga, nilikatwa rovu, na hii ndiyo sauti niliyo nayo leo, ukisikia nyingine mahali popote, ujue ni ya zamani.

Ulitembea. Ulipigwa kwenye vijiwe vya bodaboda, saluni, sokoni kwenye vibanda vya mbogamboga. Wengine hawakuupenda. Dada mmoja alinisimamisha barabarani akaniambia nimeuharibu wimbo wa harusi yake. Nikamwambia wa harusi yake bado anao, huu ni wangu.

Kazi ya kwanza ikaja kwa njia hiyo. Mama mmoja aliyekuwa akimfunda binti yake aliniita kwenye kicheni pati, mchana, ukumbi mdogo hapa mjini, wanawake peke yao. Nilikwenda na kompyuta, kinanda kidogo, spika mbili na kitufe changu cha mguuni. Muda wote wa chakula mambo yalikwenda vizuri. Bibi harusi aliingia taratibu kuliko hata mama yangu, na nilimzungushia kile kipande mpaka alipokaa.

Kisha shangazi yake akasimama. Alikuwa mtu mzima, amejazia, mwenye sauti ya kuamrisha.

"Tunataka wimbo wa shamba," alisema. "Lakini ule wenyewe. Ule wa juu. Huu wa sasa unasikitisha, na leo ni furaha."

Kabla sijajibu, dada aliyekuwa anapiga muziki wa mapumziko kwenye meza ya pili, akidhani anasaidia, akauweka kutoka kwenye flashi yake. Ukumbi ulijaa mimi wa zamani. Wanawake waliinuka, vitambaa hewani, vigelegele. Wengine walinigeukia wakinipigia makofi huku nimesimama na maiki mkononi, mdomo umefungwa. Ingekuwa rahisi sana. Ningeinua mkono tu, ningefumba macho, na siku ingekwisha kwa furaha, na shangazi angenikumbatia.

Nilitembea mpaka kwenye ile meza, nikabonyeza, muziki ukazimika katikati ya neno.

Waliokuwa wanacheza walibaki mikono juu. Shangazi alinikazia macho. Nilisema kwenye maiki, bila kupandisha, "Mama zangu, yule aliyekuwa anaimba hayupo. Sijui aliko, na mimi nilimpenda kuliko ninyi. Lakini aliyealikwa leo ni mimi. Naomba mnisikilize wimbo mmoja, na baada ya hapo mkitaka nifunge vyombo, nitafunga."

Nilirudi mahali pangu, mguu juu ya kitufe, nikaanza. Kwenye ubeti wa kwanza walikuwa bado wamesimama, hawajui wakae au wacheze. Baadhi walikwenda kuchukua chakula tena, na niliwaona vizuri, sitasema sikuwaona. Kwenye kiitikio mama wa bibi harusi akaanza kuitikia, yeye naye ana sauti ya chini, nikagundua hajawahi kuuimba wimbo huu hadharani kwa sababu ulikuwa juu mno kwake. Wengine wa umri wake wakaingia. Tulipofika mwisho, pale pa kushuka, nilisimamisha vyombo vyote kwa mguu, na neno lile tulilisema pamoja, wanawake wazima, chini, bila ngoma.

Shangazi hakunikumbatia. Alikaa, akavuta sahani yake, akaniambia, "Endelea." Niliendelea mpaka saa ya zawadi.

Baada ya hapo kazi hazikukauka. Ule wimbo wa chini ulipoenea, watu kwenye harusi walianza kuiuliza bendi maswali: mbona mwenyewe anaimba chini na huyu wenu anaimba juu? Mpiga tumba alinisimulia kwamba Dakawa bwana harusi mmoja, kwa nia njema kabisa, alimpelekea msichana maiki yake mwenyewe ya hotuba apokee ubeti. Haikupita kwenye miksa ya bendi, kwa hiyo hapakuwa na wa kuizima. Msichana aliipokea, na akaimba kwa sauti yake ile ya puani huku yangu ikiendelea kwenye spika za bendi, mpaka mpiga solo alipoikata yangu kwa aibu. Hawakumfukuza. Sasa anaimba mwenyewe, na wameshusha nyimbo kadhaa kwa ajili yake. Tarumbeta haikoromi hata kidogo, nimekwenda kusikiliza.

Kiongozi alinipigia simu hatimaye. Hakuomba radhi. Alisema wangependa mpangilio wangu mpya wa wimbo wa shamba, kwa kuwa ndio watu wanaouomba.

"Hapana," nilisema.

"Dada, tumetoka mbali."

"Ndiyo, kaka, na nilikuwa natembea kwa miguu yangu. Wimbo hautoki hapa bila mimi. Mkinitaka, niiteni mimi, maiki ikiwa wazi."

Alisema atafikiria. Nikamwambia afikirie kwa nafasi yake, mimi nina kazi.

Nilikuwa nayo kweli. Alasiri ile nilikuwa na harusi Turiani. Mwenye ukumbi alinikuta nafungua begi, natoa kompyuta, natandaza nyaya. Akachungulia nje mlangoni, akatazama barabara huku na huku, akarudi.

"Mama, tuliambiwa inakuja bendi. Wenzako wako wapi?"

"Nielekeze soketi iko wapi," nilimwambia. "Bendi imeshafika."